Je, Wajua? Mita ya LUKU Ilivyofanywa Upya Taa Zikiwaka

Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ile iliyotundikwa ukutani katika nyumba za Kibaha, Mlandizi na Kisarawe, aghalabu hudhaniwa kuwa kasha la kuhesabia yuniti tu. Walakini ndani yake imo kompyuta ndogo isiyolala, yenye programu yake na siri yake, ambayo mwaka 2024 ilibadilishwa kiungo chake kimoja nyeti ilhali ingali kazini.

Kila tokeni ya yuniti, nayo ni tarakimu 20, hubeba alama ya dakika ilipotolewa, ambayo hapo awali ilihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na mita huihifadhi alama hiyo ili tokeni iliyokwisha kutumika isipate kuingizwa mara ya pili. Wahandisi walioasisi utaratibu huu Afrika Kusini waliitengea hesabu hiyo nafasi 24 za sifuri na moja, zitoshazo dakika 16,777,216 na si zaidi. Na adadi hiyo, ijapokuwa yaonekana kubwa mno, ilikuwa itimie tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na tokeni mpya, kwa kuwa ingeonekana kongwe kuliko zilizotangulia, ingekataliwa, mwenye nyumba akabaki gizani na fedha amekwisha kulipa.

Nyingi katika mita hizo hazina mawasiliano yoyote na TANESCO, shirika la umeme, ila tarakimu zinazobonyezwa na mteja. Basi tadbiri ikawa kuipitisha amri ya kuianza hesabu upya katika mlango huo huo. Aliyenunua umeme alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ni ufunguo mpya wa siri, la tatu ni yuniti zake. Ufunguo una nafasi 64, na tokeni moja huchukua 32 tu za ufunguo huo, ndiyo sababu ukagawanywa. Jioni, mama akisoma tarakimu nne nne katika ujumbe wa simu, na mwanawe akibonyeza vitufe polepole asikosee, mita ilipokea nusu ya kwanza isibadili lolote, ikaiweka ikingoja mwenzake. Hata zilipotimia zote mbili, ndipo ilipouacha ufunguo wa kale na kuushika mpya kwa mara moja, ikafuta kumbukumbu ya alama zilizopita, na hesabu ikashika mwanzo mwingine, tarehe 1 Januari 2014. Taa haikuzimika, wala yuniti zilizosalia hazikupotea.

Hiyo ndiyo hekima ya kukirekebisha chombo kilicho kazini: la kale lisiachwe kabla jipya halijakamilika. Nayo hesabu mpya ina ukomo wake, tarehe 24 Novemba 2045, ambapo yule mtoto aliyekuwa akibonyeza vitufe, Mungu akimjalia uhai, atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, na yamkini mwanawe mwenyewe ndiye atakayesimama mbele ya mita.