Uvira: Splita ya magari ya mbio ama kinga ya karteri? Barabara ndiyo inayochagua

Jiwe moja likigonga chini ya moteri kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira, siku ya dereva wa taksi inaweza kuishia hapo. Karteri inatoboka, mafuta yanamwagika, na asipozima moteri haraka, moteri yenyewe inakufa. Gari lililokuwa linalisha familia linabaki garajini. Ndiyo maana swali la chombo gani kifungwe chini ya pua ya gari si swali la urembo tu.

Vijana wengi wanaopenda magari wameona kwenye simu magari ya mbio yenye ubao mwembamba uliotokeza mbele, chini kabisa ya bampa. Ubao huo unaitwa splita. Unalipa gari sura ya ukali, na wengine wanatamani kuufunga kwenye Toyota zao. Lakini kazi yake ni nini?

Gari likikimbia sana, hewa inagonga bampa na kurundikana juu ya ubao huo. Hewa inayopita chini yake inakwenda kwa kasi na kugandamiza kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayosukuma pua ya gari chini, magurudumu ya mbele yanashika lami vizuri, na dereva anakata kona bila kuteleza.

Siri iko kwenye mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Kampuni ya Porsche inatangaza kwamba gari lake 911 GT3 RS, lililotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mbio, linakandamizwa na hewa kwa kilo 409 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, na kilo 860 likifika kilomita 285. Hiyo ni nguvu ya gari zima, pamoja na bawa lake kubwa la nyuma.

Sasa lipunguzwe hadi kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kawaida pale barabara inapokuwa na mashimo. Kwa hesabu ya karibu, zinabaki kilo 16 tu. Bidoni ya maji ya lita 20 ni nzito kuliko hapo. Kwa hiyo hata gari hilo la bei kubwa lisingepata faida yoyote ya maana kati ya Sange na Kiliba. Splita yake ingegonga shimo la kwanza, kwa sababu inaning'inia sentimita chache tu juu ya ardhi.

Hata kwenye kiwanja cha mbio, kama Kyalami kule Afrika Kusini, splita haichaguliwi kwa macho. Lazima ishikwe na shasi. Bampa ya plastiki peke yake haiwezi kubeba nguvu ya hewa. Lazima pia ilingane na bawa la nyuma: pua ikikandamizwa sana na mkia ukaachwa mwepesi, gari linazunguka kwenye kona ya kasi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Uvira ni Safari Rally ya Kenya. Mashindano hayo yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda na Toyota. Kwenye mawe na vumbi la huko, mafundi hawashushi pua ya gari hadi chini. Wanaliinua gari, na chini ya moteri wanafunga sahani nene ya kinga.

Somo hilo linafaa pwani ya kaskazini ya Tanganyika. Wakaaji hawajasahau Aprili 2020, pale mto Mulongwe ulipofurika na kushusha mawe na matope ndani ya mji, watu wengi wakapoteza maisha. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuvamia nyumba na barabara. Kwenye maji kama hayo, ubao wa plastiki uliotokeza mbele unachota maji na kung'oka.

Kinga ya karteri nayo ina masharti yake. La kwanza ni kipimo: gari lipimwe likiwa limejaa watu na mizigo, maana gari tupu linadanganya. Kinga ikilishusha gari sana, inaleta hasara.

La pili ni chuma. Tole ya milimita 2 au 3, iliyokunjwa kingo, inatosha kwa gari dogo. Iliyo nyembamba sana inapinda na kuigonga karteri yenyewe, kwa hiyo nafasi ya vidole viwili iachwe kati yao. Iliyo nene sana inaongeza uzito bure.

La tatu, ambalo wengi wanalisahau, ni hewa. Upepo unaoingia kwenye radiateri lazima upate mlango wa kutokea chini. Kutoka Uvira, iliyo kwenye mita 770 hivi, hadi Bukavu, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, gari linapanda milima ya Ngomo polepole, moteri ikifanya kazi nyingi na kupata upepo kidogo. Tole iliyoziba kila mahali inafungia joto humo, na moteri inachemka. Fundi atoboe matundu ya kutolea hewa, na moja la kumwagia mafuta ya zamani.

La nne, kinga ifungwe kwa boloni kwenye shasi, wala isichomelewe moja kwa moja. Ifunguke kwa urahisi, maana matope yakikauka ndani yanaongeza uzito, yanashika joto na kula chuma. Wakati wa mvua ni vizuri isafishwe mara kwa mara.

Anayependa sura ya magari ya mbio hakatazwi kupaka kinga yake rangi anayotaka. Ila kabla ya kumlipa fundi, alale kwanza chini ya gari lake na kutazama: mikwaruzo iliyopo pale itamwonyesha mahali pa kuweka chuma.