Sumu ya mahindi inayovuruga mawasiliano ya seli mwilini

UGALI na githeri ni vyakula vya kila siku kwa wakazi wengi wa Gitothua, wadi iliyo mjini Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, wengi hawalimi mahindi wanayokula. Huyanunua sokoni kwa gorogoro na kuyapeleka katika kinu cha posho, au hununua unga wa pakiti dukani, bila kujua yalilimwa wapi wala yalikaushwa vipi.

Sumu ya mahindi inapotajwa, wengi hufikiria aflatoksini, na wana sababu nzuri. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua nchini Kenya kutokana na sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Mahindi na unga wa sokoni vilipopimwa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, ambayo wakati huo ilijumuisha Ruiru, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa.

Hata hivyo, kuna sumu nyingine ya kuvu inayopatikana katika mahindi hayo hayo, nayo haizungumziwi sana. Inaitwa fumonisini. Kwa kawaida haiui watu kwa mkupuo kama aflatoksini. Madhara yake ni ya polepole, kwa kuwa hushambulia mfumo ambao seli za mwili hutumia kupashana habari.

Mafuta yanayobeba ujumbe

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta na protini. Miongoni mwa mafuta hayo kuna jamii inayoitwa sfingolipidi. Johann Thudichum, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi London, aliyachunguza katika ubongo na kuyaeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1884. Aliyapa jina linalotokana na Sphinx, kiumbe wa hadithi za Wagiriki aliyetega vitendawili, kwa sababu mafuta hayo yalimtatiza.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kazi ya sfingolipidi ni kujenga ukuta wa seli tu. Tangu miaka ya 1980 imedhihirika kwamba baadhi yake hubeba ujumbe. Seramidi inapozidi, seli huamriwa iache kukua au ijiue. Sfingosini iliyoongezwa fosfati hutoa amri iliyo kinyume, yaani seli iishi, iongezeke na itembee. Afya hutegemea mizani kati ya amri hizo mbili.

Mizani hiyo ikivurugika, magonjwa hufuata. Katika baadhi ya saratani, seli zilizostahili kufa huendelea kuishi. Chembe za kinga nazo hufuata ishara ya sfingosini yenye fosfati ili kutoka katika tezi na kuingia kwenye damu. Ujuzi huo ndio uliozaa fingolimodi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2010 kutibu ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva. Dawa hiyo iliundwa kwa kuiga kemikali iliyotoka katika kuvu.

Kuvu anayejifanya mwenyeji

Fumonisini pia hutoka kwa kuvu, hasa aina ya Fusarium ambayo huishi ndani ya mmea wa mahindi. Watafiti wa Afrika Kusini waliitambua mwaka wa 1988. Miaka mitatu baadaye, wanasayansi wa Marekani waligundua jinsi inavyodhuru.

Umbo la fumonisini linafanana sana na la sfingosini. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoshika sfingosini na jamaa zake na kuzigeuza kuwa seramidi. Fumonisini hujipenyeza katika nafasi hiyo, mithili ya ufunguo bandia unaoingia kwenye kufuli lakini haufungui, na kukizuia kufanya kazi. Matokeo ni kwamba malighafi hurundikana ndani ya seli ilhali mafuta yaliyopaswa kutengenezwa hupungua.

Wanyama huonyesha wazi uzito wa hitilafu hiyo. Farasi na punda wakila mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi, ubongo wao hulainika na wanaweza kufa. Nguruwe hujaa maji mapafuni. Kwa binadamu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fumonisini katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Aidha, kuna hofu kuhusu mimba changa. Kipokezi kinachoingiza folati, vitamini muhimu katika kuumba ubongo na uti wa mgongo, hukaa katika sehemu ya utando iliyojengwa kwa sfingolipidi. Sehemu hiyo ikidhoofika, folati haiingii ipasavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 kuhusu wanawake wa mpaka wa Texas na Mexico ulihusisha sumu hiyo na watoto waliozaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo.

Watoto wa Rombo

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka ng'ambo ya mpaka, wilayani Rombo, Tanzania. Mwaka wa 2010 mtafiti Martin Kimanya na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga 215. Wale waliokula fumonisini kupita kiwango cha usalama walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao walipotimiza mwaka mmoja. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba sumu pekee ndiyo chanzo, lakini yanaonyesha kwamba uji wa mahindi unastahili kuangaliwa kwa makini.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu fumonisini isiyozidi miligramu 2 katika kila kilo ya mahindi. Lakini Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu na kuondoa marufuku hayo siku chache baadaye, cheti kilichodaiwa kwa waagizaji kilihusu kiwango cha aflatoksini. Shehena inaweza kuwa na aflatoksini kidogo na bado ikawa na fumonisini nyingi, kwa kuwa sumu hizo hutoka kwa kuvu tofauti.

Jikoni na kinuni

Kosa kubwa ni kudhani kwamba moto utaondoa sumu. Fumonisini hustahimili joto la maji yanayochemka, kwa hivyo kuuiva ugali hakuisaidii familia. Kukausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 huzuia kuvu kuongezeka ghalani, lakini hakuondoi sumu iliyoingia shambani kupitia matundu ya viwavi.

Kinachosaidia ni kuchambua. Sumu hujikusanya zaidi katika punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, ndogo kupita kiasi au zilizotobolewa na wadudu, na pia katika maganda. Utafiti uliofanywa nchini Benin na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kuchagua, kupepeta, kuosha na kukoboa hupunguza fumonisini kwa kiwango kikubwa. Punje zinazoelea wakati wa kuosha zitupwe, na yanayobaki yakaushwe kabla ya kusagwa.

Punje zilizotengwa zisipewe mifugo. Vilevile, uji wa mtoto unaweza kuchanganywa na wimbi au mtama safi ili asitegemee mahindi pekee kila siku.

Mnunuzi wa unga wa pakiti hana nafasi ya kuchambua punje. Yeye hutegemea msagaji, mwagizaji na mkaguzi wa serikali, na usalama wake utakuwa nusu iwapo watapima aflatoksini na kuiacha fumonisini.