Kuinua Gari: Uzito Utangulie Kimo

Mwenye gari la njia mbaya afikapo karakana ya Bamburi, Kiembeni au Utange akitaka gari lake liinuliwe, neno la kwanza limtokalo kinywani aghalabu ni kimo: inchi 2, inchi 3 au, akiwa ametazama picha nyingi, inchi 4. Fundi ajuaye kazi yake hulisikiliza neno hilo kwa adabu, kisha huliweka kando na kuuliza: "Bwana, gari hili siku zote hubeba nini?" Swali hilo, ambalo wateja wengi hulidhani la upelelezi, ndilo linalostahili kutangulia maswali mengine yote, kwa maana springi haijui kimo, inajua uzito tu, na kimo ni matokeo ya uzito uliokutana na nguvu ya chuma.

Haja yenyewe si ya kubezwa. Ijapokuwa barabara ya Malindi ina lami, atakayeiacha na kuingia bara, katika vijia vya nyuma ya Bamba na Vitengeni, au atakayepita lango la Sala na kuzishika njia za ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, atakutana na udongo mweusi unaonasa wakati wa masika, na makorongo yaliyochimbwa na maji, na masafa marefu ya njia iliyojikunja mithili ya bati, ambamo gari la chini hukwaruza tumbo na gari la juu lisilo na shoki imara huruka hovyo. Walakini wapo pia, wala si haba, ambao safari yao ya mbali kabisa ni Nyali na kurudi, na hasimu wao mkubwa ni matuta ya barabarani. Hawa wangefaidika zaidi kwa tairi njema na springi mpya za kimo kile kile cha kiwandani, ingawa ushauri wa namna hiyo haumtajirishi muuza vifaa.

Tena gari lililotumika Ujapani likashushwa bandarini Mombasa, ambalo kwa kanuni ya KS 1515 halipaswi kuwa limezidi umri wa miaka 8, huenda limekuja na springi zilizokwisha kuchoka, na hapo alidhaniaye kuwa gari lake ni fupi hukuta kwamba limeinama tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, gari na liwekwe mahali pa sawa, na kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pande zote nne, kiandikwe. Tofauti ya kulia na kushoto, au ya kipimo hicho na kile cha gari jipya la aina hiyo, itasema mengi kuliko muuza vifaa yeyote.

Sasa tuurudie mzigo, ambao ndio kiini cha mambo. Springi hutengenezwa kwa madaraja ya uzito: ya gari tupu, ya gari lenye mzigo wa wastani, na ya gari lisilopumzika kubeba. Maji ya lita 60 ni kilo 60. Dizeli ya galoni moja la lita 20 ni takriban kilo 17. Ongeza hema la juu ya paa, winchi, betri ya pili, bamba la chuma la mbele, na jamaa watano pamoja na vikapu vyao, na utaona jinsi mamia ya kilo yanavyojikusanya kimyakimya. Lakini hesabu iwe ya kweli, ya mzigo wa kila siku, si ya safari moja ya Krismasi. Land Cruiser za watalii, zilizorefushwa na kukatwa paa, hufungwa springi nzito kwa sababu haziendi kazini tupu. Mtu aonaye fahari ya magari hayo akainunulia Prado yake springi za jinsi hiyo, ilhali hupakia mke na watoto wawili tu, atapata gari refu kweli, lakini litamtikisa meno kila afikapo kwenye tuta, na magurudumu ya nyuma yatakuwa yakiruka badala ya kuikamata ardhi.

Shoki, ambayo vitabu huiita shokomzoba, hufanya kazi nyingine kabisa. Haibebi gari, huituliza springi. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mtikiso hugeuka joto. Katika njia ya bati, ambapo mtikiso haukomi, joto huzidi, mafuta hufanya povu, na dereva huhisi gari likielea. Dawa yake ilipatikana zamani: gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, iyazuiayo mafuta kutoa povu, mtindo ambao Bilstein wa Ujerumani waliufikisha kwenye magari ya Mercedes mwaka 1957. Basi anayenunua springi mpya na kuzifunga pamoja na shoki za zamani, eti zingali nzuri, ameinunua nusu ya dawa. Springi ngumu zaidi inataka shoki yenye mkono mzito zaidi na urefu wa kutosha, na ndiyo maana vitu hivi huuzwa kwa seti.

Hapa ndipo ilipo hatari ya spesa, vile vipande vya alumini au plastiki ngumu vilivyokerezwa na kuingizwa juu ya springi, ambavyo vimeinua Probox na Forester nyingi za pwani kwa bei ya chini. Spesa nyembamba kwenye gari la mjini si dhambi. Tatizo ni kwamba gari hupanda nayo shoki ikabaki ile ile, ikiwa imekwisha kuvutika kabla ya safari kuanza, hata gurudumu lishukapo shimoni hufika mwisho wake kwa kishindo. Na kishindo hicho kikirudiwa kila siku, shoki huvuja na bushi hupasuka.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Katika gari lenye ekseli nzima, springi huinua bodi, haiinui difu. Difu hukaa pale pale, kwa kuwa inabebwa na magurudumu. Kitakachoiinua ni tairi kubwa peke yake, nayo ikiongezeka kipenyo kwa inchi 2, difu hupanda inchi 1, gari huwa zito kuondoka, na kipima mwendo husoma pungufu ya mwendo halisi. Inchi 4 za springi, kwa hiyo, hazimpitishi mtu juu ya jiwe litakaloigonga difu yake.

Kila gari lina mpaka wake. Hilux na Prado, ambazo magurudumu yake ya mbele hujitegemea, hustahimili takriban milimita 50. Zaidi ya hapo shafti zipelekazo nguvu kwenye magurudumu hupinda mno, na mipira yake ya kukinga vumbi huchanika. Land Cruiser zenye ekseli nzima na koili mbele hustahimili zaidi, lakini ekseli huzunguka kidogo gari linapopanda, na usukani hupoteza ile tabia ya kurudi katikati wenyewe. Dereva wa barabara ya Nairobi, malori yakimpita ubavuni, atalihisi jambo hilo kabla hajafika Mariakani. Huwekwa bushi maalumu za kuirudisha ekseli mahali pake, na paipu za breki huangaliwa zisivutwe.

Wapenda kimo hupenda kutaja Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ambamo magari marefu huvuka mahali pasipo njia. Mimi huikumbuka Safari Rally ya mwaka 1965, ambapo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari dogo la milango miwili lililokwisha kutumika. Uimara ulitosha.

Kwa watu wa Bamburi kuna nyongeza ya upepo wa bahari, ambao hula chuma mahali popote rangi ilipobanduka. Springi zioshwe kwa maji matamu baada ya safari ya ufukoni, na fimbo ya shoki ikaguliwe kutu, kwa kuwa kutu hukata mpira na mafuta hutoka. Kampuni ya bima ipewe habari ya mabadiliko mapema, isije ikayagundua siku ya ajali. Baada ya kilomita mia chache nati zote zikazwe upya, magurudumu yapimwe mkao, na taa za mbele zirekebishwe, maana gari likiinuka pua, mwanga wake humpiga machoni kila atokaye Mtwapa usiku.