Macho ya Mtoto Yenye Kutiririka

Katika mtaa wa Huruma, mashariki ya Nairobi, mama aonapo jicho la mtoto wake likitiririka na kugandwa na tongotongo kila asubuhi, pengine hulikamulia maziwa ya titi, au hununua dawa dukani. Hayo hayazibui kitu. Machozi hushuka puani kwa mfereji mwembamba, na watoto wengine huzaliwa mfereji huo ungali umezibwa na utando upande wa chini. Wapatao 9 katika kila 10 hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Basi mama na anawe mikono, akate kucha, abonyeze polepole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, kisha akishushe kidole kando ya pua. Arudie hivyo mara kadhaa kwa siku. Tongotongo zifutwe kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Asiyepona baada ya mwaka huzibuliwa na daktari wa macho, kwa mfano katika Hospitali ya Kenyatta, kwa kijiti chembamba cha chuma, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Lakini mtoto wa siku chache mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba, huenda ameambukizwa wakati wa kuzaliwa, na maradhi hayo yaweza kumpofusha upesi. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile, na vivyo hivyo aliyevimba na kuwa mwekundu kando ya pua.