Umepunguza Kilo? Hivi Ndio Utazizuia Zisirudi

Umefikisha kilo ulizotaka, suruali ya kitambo inaingia, mabeshte wanakusifia. Poa, lakini usilegeze kamba. Mwili uliopungua unachoma nguvu kidogo kuliko zamani, na homoni za njaa zinapanda. Si ati huna nidhamu, ni mwili unataka mafuta yake. Ukirudia chipo na soda za kila siku, kitambi kinarudi.

Fanya hivi:

1. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai. Ikianza kupanda, rekebisha mapema.
2. Jaza sahani sukuma na ndengu, ugali ukae kando kidogo.
3. Shuka mathree stage mbili kabla ya kwenu, utembee.
4. Usijinyime kila kitu. Chapo moja Jumapili haina noma.