Siku Spika Ziliponyamaza Mtito Andei

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Msomaji atakumbuka jinsi hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ulivyoingia gizani, na jinsi wakubwa walivyoanza kutafuta wa kulaumiwa kabla ya kutafuta hitilafu ilipo. Kwetu Mtito Andei msiba huo ulikuwa na sura yake. Kesho yake, saa nane za mchana, bendi niipendayo kuliko zote ilikuwa ipige muziki kanisani, ili kuchangisha fedha za tangi la maji la shule. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu.

Jina la bendi hiyo sitalitaja, kwa kuwa sikuomba ruhusa. Yatosha kusema kwamba ni wazee wanaopiga benga ya Ukambani, wa kile kizazi kilicholelewa na sauti ya Kakai Kilonzo na ndugu zake wa Kilimambogo. Kakai alifariki mwaka 1987, lakini hata leo ukipita vibanda vya chai kando ya barabara kuu utamsikia, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, maana alitambua mapema kwamba wimbo wa Kiswahili huvuka Mto Athi bila kuulizwa kabila lake. Kanda za bendi yangu hii nilizinunua nikiwa chuo cha ualimu, nikazicheza hadi utepe ukawa unatoka nje, nikawa naurudisha kwa kalamu.

Kuiingiza kanisani hakukuwa jambo jepesi. Katika kamati tulibishana majuma matatu. Ni vyema wanafunzi wajue kwamba Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni hii hii, mwaka 1895, na kwamba tangu siku za wamisionari hao mwongofu alitakiwa aiache ngoma ya kilumi, iliyochezwa kwa tiba na kwa kuomba mvua. Gitaa lilipofika miaka mingi baadaye, lilirithi dhambi zote za ngoma. Mimi nilijitia ujuzi, nikawaeleza wazee kuhusu Missa Luba, misa iliyotoka Kamina, Kongo, ikarekodiwa mwaka 1958, kwa sauti na ngoma za Kiafrika chini ya padri Mbelgiji, Guido Haazen. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nafikiria kuhamia Ukatoliki. Hatimaye ruhusa ilitolewa kwa sharti moja: nyimbo za mawaidha tu, na wala asinengue mtu.

Sasa umeme haukuwapo. Jenereta lililoazimwa kutoka duka moja la sokoni lilikohoa, likafuka moshi, likanyamaza. Vijana waliokuwa wameshinda asubuhi wakipanga spika nne refu kama milango walikaa chini wakazitazama. Gitaa la umeme lisilo na umeme, kama wajuavyo waliowahi kuligusa, lina sauti ya nzi aliyefungiwa koponi. Kiongozi wa bendi hakupoteza muda kulalamika. Alitoa garini gitaa lake kavu la zamani, mwalimu wa shule ya Jumapili akaazimisha la pili, na mpiga ngoma akaomba chupa tupu ya soda na msumari.

Hapo nilikumbuka kwamba hawakuwa wakibuni jambo. George Mukabi, mpigaji wa gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 1963, alisindikizwa na chupa ya soda vivyo hivyo. Naye Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja na vidole vyake, na wasikilizaji wakadhani wanasikia watu wawili.

Lakini yanipasa nieleze habari za mjomba wangu, maana bila yeye nisingeandika makala haya.

Mjomba alikuwa mpiga solo. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 24, alipigia bendi moja ndogo katika baa ya kando ya barabara, walikolala madereva wa malori ya Mombasa. Wazee wa kanisa walimwita, wakampa achague. Alichagua gitaa, wakamfuta katika orodha ya washirika. Baadaye gitaa lenyewe aliliuza ili alipe karo, na karo hiyo ilikuwa yangu. Lakini kanisani hakurudi. Si kwamba aliacha ibada. Kila Jumapili huvaa koti, akaja akaketi chini ya mbuyu ulio nje ya ua, akasikiliza mahubiri kutoka huko. Kanisa liliponunua spika alicheka sana. "Mimi sikwenda kanisani," aliniambia, "kanisa limenijia mimi."

Siku hiyo pia alikuwa chini ya mbuyu wake.

Wimbo wa kwanza ulianza, na watu walionyamaza kwa adabu wakanyamaza kwa mshangao. Nimeisikia bendi hii mara nyingi, katika harusi na katika mikutano ya wanasiasa, lakini siku zote niliisikia kwa kifua, jinsi tunavyosikia lori. Sikuwa nimewahi kusikia vidole vikiteleza juu ya waya, wala mwimbaji akivuta pumzi. Nilitambua kwamba ubeti niliokuwa nikiuimba tangu ujana nilikuwa nikiuimba kimakosa. Katika benga gitaa huingoja sauti ya mtu imalize, ndipo lijibu. Haya niliwafundisha wanafunzi kutoka kitabuni. Sasa niliyaona: mzee alimaliza mstari, akageuza shingo, mwenzake akamjibu kwa nyuzi, nao wakatabasamu kama watu wanaosimuliana jambo la siri.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa. Kanisa letu lina urefu wa mita 20 hivi, kuta za mawe na paa la mabati. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ikigonga ukuta wa nyuma na kurudi mbele imetumia takriban sehemu moja ya nane ya sekunde. Sauti ya mtu mmoja ikirudi hivyo huwa nene na tamu kidogo. Mimina humo sauti ya spika nne, maneno huangukiana kama abiria mlangoni mwa matatu. Nasi tumezichangia spika hizo kabla ya tangi la maji! Wanafunzi wale wale wanaoimba katika Tamasha la Muziki la Kenya bila chombo cha kukuza sauti, wakaeleweka hadi kiti cha mwisho, siku ya wazazi tunawatia maikrofoni mdomoni.

Katikati ya nyimbo tulisikia malori yakibadilisha gia barabarani, na mabati yakilia juu yetu kwa joto. Hapakuwa na aliyekohoa.

Wimbo wa tatu ulipoanza nilimwona mjomba dirishani. Bila shaka chini ya mbuyu hakusikia kitu. Wimbo wa nne alikuwa mlangoni, kofia mkononi, bega moja likiegemea mwimo. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu naye, kwa kuwa kamati ilinikabidhi ulinzi wa swichi kuu, wadhifa ambao siku hiyo haukuwa na kazi.

"Waya wa pili wa yule wa kushoto umelegea," akaninong'oneza.

"Ingia, mjomba, ukae."

Hakujibu. Kwenye benchi la mwisho alikuwapo mzee mmoja wa kanisa, mkongwe sasa, ambaye mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waliomwita. Sijui kama alimkumbuka. Alimtazama, akasogea, akapigapiga ubao kwa kiganja pale alipopaacha wazi. Mjomba alitazama pale mahali, kisha akatazama viatu vyake. Mguu mmoja ukavuka kizingiti.

Umeme ukarudi.

Taa ziliwaka zote kwa pamoja, vijana wakapiga vigelegele, mmoja wao akanipungia mkono kutoka mbele: mwalimu, washa! Kiongozi wa bendi alikuwa bado anaimba, macho yamefumbwa. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kusema tungoje wimbo uishe. Watu mia mbili walikuwa wamegeuka wakinitazama, nami nikawasha.

Spika zilinguruma, zikapiga mluzi, wimbo ukakatika. Magitaa makavu yakawekwa sakafuni, ya umeme yakachukuliwa, na wimbo ule ule ukaanza upya kwa kishindo kilichotikisa vioo. Watu walifurahi. Michango iliongezeka, sitaki kudanganya, na tangi lile limesimama shuleni hivi leo.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa mtupu. Mzee alikuwa bado ameweka kiganja chake juu ya ubao.

Nilimfuata mjomba baada ya wimbo kwisha. Alikuwa ameketi chini ya mbuyu, kofia kichwani. Nilimwuliza mbona ameondoka.

"Huku kunasikika vizuri sasa," alisema, akanisogezea jiwe nikae.