Eti Presha ni ya Wazee?

Mwaka jana ungeniuliza presha ni ugonjwa wa nani, ningekuambia ni wa kina guka, wale wa tembe asubuhi na jioni. Kisha nikamsindikiza mama kliniki. Muuguzi alipomalizana naye akanigeukia: "Wewe pia, leta mkono."

Nikacheka. Mashine ikasoma 152 kwa 98.

Nina miaka 26, sina kitambi, na ngazi za ploti yetu nazipanda hadi orofa ya tano bila kuhema. Nikaambiwa nirudi siku mbili tofauti, maana kipimo kimoja hakitoshi. Zote mbili nilikuwa juu ya 140 kwa 90, na hapo ndipo daktari huiita presha.

Akaniuliza nakula nini. Hapo nilipata aibu, msomaji. Tangu karo inilemee nikaacha chuo, kazi yangu ni ya laptopu usiku kucha. Asubuhi ni smokie pasua mbili pale steji, na chumvi juu ya kachumbari. Mchana chipsi za mia, chumvi tena, na soda ya nusu lita, ambayo pekee yake ina takriban gramu 50 za sukari. Usiku tambi za pakiti, na kile kikaratasi cha viungo nakimwaga chote. Maji? Yalikuwa ya kuoga.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Na si ile unayonyunyiza tu. Smokie ina chumvi yake hata kabla ipasuliwe, mkate pia. Chumvi huzuia maji mwilini, damu inakuwa nyingi mishipani, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Na huhisi kitu! Inaweza kukaa miaka ikiharibu figo na moyo kimyakimya, halafu siku moja ni kiharusi. Mjomba wangu alianguka bafuni akiwa na miaka 41. Mpaka leo anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Daktari alinipa miezi mitatu nijirekebishe kabla ya kufikiria tembe.

Usiniambie chakula kizuri ni cha masonko. Chipsi na soda vilinigharimu Sh170. Kibandani kwetu githeri na managu ni Sh80, na mama wa kibanda hunikatia kipande cha avokado bure akiwa na mudi nzuri. Matatu nashukia steji mbili kabla ya kwetu, natembea nusu saa. Smokie sijaacha, nisikudanganye. Ni moja, Ijumaa, bila chumvi.

Wiki jana nilisoma 137 kwa 87. Narudi mwezi ujao.

Na wewe ulipimwa lini? Duka la dawa la mtaani kwetu hupima kwa Sh50. Keti kwanza dakika tano, na usiende ukiwa umetoka tu kunywa kahawa.